Miezi 18 ya Forodhani

Mjomba wangu aliuza maji ya miwa Forodhani kwa miaka mingi, na tangu bustani ilipofungwa kwa matengenezo Januari 2008 hakurudi tena kuuza. Hakufukuzwa. Hakugombana na mtu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameacha kwa sababu mkono umechoka kuzungusha mashine. Baadaye, nilipoanza shahada ya uzamili ya historia na kuichagua Forodhani kuwa mada yangu, nilijiona nimeshaijua sababu ya kweli hata kabla sijamuuliza. Sentensi ya kwanza ilikuwa tayari kichwani: bustani ya wananchi iligeuzwa kuwa ya watalii, na mjomba wangu akabaki nje.

Sentensi hiyo haimo tena katika tasnifu yangu. Hapa naeleza kwa nini niliifuta.

*

Kwa asiyewahi kufika: Forodhani ni bustani ya ufukweni, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukisimama hapo ukaipa bahari mgongo, mbele yako una Ngome Kongwe, kushoto kwake Beit al-Ajaib, na kulia kabisa jengo la nyumba ya mayatima ambalo barabara inapita chini yake. Unaweza kuizunguka bustani yote kwa dakika chache. Jioni vijana hupiga makachu kutoka kwenye ukuta wa bahari, mmoja baada ya mwingine, huku watu wakiwashangilia. Jua likizama, meza za chakula hujaa: mishikaki, pweza, ngisi, muhogo, urojo, mkate wa mofa, na ile chapati ya mayai na nyama ambayo wageni wameizoea kwa jina la piza ya Zanzibar. Mashine za miwa hulia kama milango isiyotiwa mafuta.

Mtu akifika leo atadhani ni bustani tangu asili. Jina lenyewe linamsuta. Forodhani ni mahali pa forodha, mahali pa kutoza ushuru. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, hapa ndipo mali ya Afrika Mashariki ilipohesabiwa. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, nguo za Marekani na za India, vyote vilipita hapa. Sultani hakukusanya ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha haki hiyo kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoishika.

Na watu nao walihesabiwa. Waliotekwa bara walishushwa hapa na kulipiwa ushuru kwa kichwa, kama mzigo mwingine wowote, kabla ya kupelekwa sokoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultan Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza. Mgeni akitaka kusikia habari za utumwa hupelekwa Mkunazini, penye kanisa, na hiyo ni haki. Lakini soko lilikuwa mwisho wa safari. Mlango ulikuwa hapa, ambapo leo tunasimama na kijiti cha pweza mkononi tukiulizana kama pilipili imezidi.

Miaka 10 baada ya mkataba huo, mwaka 1883, Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba lenye vibaraza virefu vya nguzo za chuma, kuikabili bahari. Aliyefika kwa chombo alipaswa kuliona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Hakuliona kila mtu kwa jicho hilohilo. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka kwenye kiti cha enzi alichokuwa amekikalia bila idhini ya Waingereza, manowari zao zilianza kupiga mizinga mnamo saa 3 asubuhi. Kazi ilikwisha kwa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, jirani ya Beit al-Ajaib, ikabaki kifusi na haikujengwa tena.

Vitabu vingi vinavitaja hivi kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na sentensi huishia hapo, kama kichekesho. Mimi hujiuliza habari za siku ya pili. Nani alizoa kifusi? Forodha ilifunguliwa lini tena, na mahamali walipita wapi na mizigo yao asubuhi ile? Nimekaa asubuhi nyingi katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani nikisoma barua za wakubwa, na maswali kama haya ndiyo magumu kuyapatia jibu, kwa sababu aliyeshika kalamu hakuwa aliyeshika chepe.

*

Mwanzoni mwa karne ya 20 ufukwe huu ulikuwa sehemu ya kazi hasa. Kuanzia mwaka 1905 gari la moshi lilitoka karibu na Ngome, likapita katikati ya mji hadi Bububu. Mwaka 1923 msanifu Mwingereza, H. V. Lanchester, alitoa kitabu cha mipango ya mji wa Zanzibar, na katika miaka hiyohiyo ya 1920 bandari mpya ilijengwa upande wa Malindi. Reli ya Bububu ilifungwa mwaka 1928. Shughuli za meli zikasogea Malindi, na Forodhani ikabaki na jina la kazi ambayo haipo.

Mwaka 1936 Sultan Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya utawala, na hapa ndipo ilipotengenezwa bustani ya kumbukumbu: Jubilee Gardens. Ikawa na njia za kutembelea, miti, na kibanda cha muziki. Kwa hiyo matengenezo yale ya 2008, ambayo kizazi changu kinayaona kuwa mwanzo wa Forodhani, hayakuwa mara ya kwanza kwa mwenye uwezo kuitazama pwani hii na kusema: tupageuze pawe mahali pa watu kustarehe.

Bibi yangu alizaliwa Ng'ambo miaka 10 baada ya bustani hiyo, yaani alikulia upande wa pili wa mji. Baba yake alikuwa hamali. Nilipomuuliza kama walikuwa wakienda Jubilee kupunga upepo, alicheka.

"Tulikwenda kutazama, mjukuu wangu. Kukaa hatukukaa."

"Mlikatazwa?"

"Nani atukataze? Baba mwenyewe ndiye hakai. Alibeba karafuu pale hata kabla ya maua. Akitupitisha, anakaza mwendo. Anasema hapa ni kazini, hamali hakai kazini."

Mwaka 1956, alipokuwa na miaka 10, alipelekwa kutazama shamrashamra za kuja kwa Princess Margaret. Tao jeupe lililojengwa ufukweni kwa ajili ya ziara ile bado lipo. Anachokumbuka ni viatu vyake vipya vilivyombana, na baba yake aliyesimama muda wote.

Maneno hayo ya babu yamenisaidia kuliko sura nzima za nadharia. Wapangaji miji hupenda kusema kuwa mahali pakifunguliwa kwa wote, wote watakuja. Babu hakufungiwa mlango. Mwili wake ulikuwa umeshalizoea eneo lile kwa namna moja, kwa gunia mgongoni, na benchi la bustani halikutosha kuufundisha namna nyingine. Mazoea ya watu ndiyo yanayoufanya uwanja kuwa uwanja. Hayamo kwenye mchoro, na hayahamishwi kwa lori.

*

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la Jubilii lilipoteza nguvu na la zamani likabaki peke yake. Wakubwa waliita watakavyo, watu walisema Forodhani. Biashara ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980 na watalii kuanza kuongezeka, meza za chakula nazo zikaongezeka. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na wageni wakazidi.

Hiyo ndiyo Forodhani ya mjomba. Nilipomfuata nyumbani kwake na daftari langu, nilitaka anisimulie jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Nzuri?" alisema. "Wewe mwanangu ulikuwa mdogo. Palikuwa pananuka."

Akaanza kunihesabia kwa vidole. Ukuta wa bahari ulikuwa umekatika, na bahari ikijaa maji yanapanda. Mitaro imeziba. Mvua ikinyesha unasimama katika tope lenye mafuta ya samaki. Taa ni karabai zenu wenyewe, na pembeni ni giza. Maji ya kuoshea vyombo unayabeba kwa ndoo.

"Mama yako niliwahi kumwambia akuleteni usiku?"

"Hapana, mjomba."

"Basi. Ulipenda kwa sababu hukuwapo."

Akanyamaza kidogo. "Lakini nilikuwa na watu wangu."

Watu wake walikuwa wachukuzi wa bandarini wanaotoka zamu, walinzi wa usiku, vijana wanaotoka mpirani, na mzee mmoja aliyekuja kila jioni kunywa bilauri moja, akilipa Ijumaa kwa wiki nzima. Aliwajua kwa kiasi cha ndimu. Huyu tangawizi nyingi, yule asitiwe kabisa.

Mpango wa kuitengeneza upya Forodhani ulisimamiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan pamoja na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mfuko huo haukuwa mgeni mjini. Ulikuwa umeshalikarabati jengo la Zahanati Kongwe pale Mizingani. Hata hivyo watu walikuwa na wasiwasi, na nakumbuka mazungumzo ya barazani mtaani kwetu. Wataweka geti? Kutakuwa na kiingilio? Tutaambiwa tuvae viatu? Katika mji ambao majumba ya pwani yamekuwa yakigeuka hoteli moja baada ya nyingine, yalikuwa maswali ya watu wenye akili timamu.

Kazi ilianza Januari 2008. Ukuta wa bahari ukatengenezwa, mitaro na mabomba yakatandazwa, njia zikasakafiwa, taa zikawekwa, miti ikahifadhiwa na mingine kupandwa, kibanda cha muziki kikafufuliwa, watoto wakapewa sehemu ya kuchezea, na wauza chakula wakatengewa eneo lao. Gharama ilizidi dola milioni 2. Tarehe 30 Julai 2009 Rais Amani Abeid Karume na Aga Khan waliifungua rasmi. Geti la kulipia halikuwekwa.

Huo ni muda wa miezi 18.

Nilipomuuliza mjomba alifanya nini katika miezi hiyo, alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Wiki ya kwanza niliona kama likizo," alisema. "Nikalala mchana. Wenzangu wengine wakatafuta pembe hapa na pale, wengine wakatawanyika. Nami nikajaribu mahali pawili, watu hawapiti. Mwezi wa tatu nikaifunika mashine kwa gunia. Mwezi wa tano, ada za skuli. Ndugu yangu mmoja ana duka la vipuri vya baiskeli Mwanakwerekwe, akaniambia njoo unishike mkono."

"Na ilipofunguliwa?"

"Nilikwenda kuangalia. Wallahi palipendeza. Taa, maji, pasafi. Nikawaona wenzangu kadhaa wamevaa makoti meupe na kofia kama wapishi wa hoteli. Nikacheka mpaka machozi. Wakaniita, njoo, rudi."

"Sasa kwa nini hukurudi?"

"Nirudi kwa nani? Yule mzee wa Ijumaa alikuwa ameshafariki. Wachukuzi wana pahala pao pengine. Na mimi nimeshakuwa mtu wa baiskeli."

Hakusema kwa uchungu. Nilitafuta uchungu, maana nilikuwa na sentensi ya kuupachika, na sikuupata. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyohama nyumba.

*

Katika mihadhara ya mipango miji Forodhani huletwa kama mfano mwema, na huletwa kwa picha mbili. Ya kwanza: moshi, tope, ukuta uliobomoka. Ya pili: nyasi, taa, familia zimekaa. Kabla na baada. Na mfano kweli ni mwema, siku hizi naweza kulisema hilo bila kigugumizi. Bibi yangu, ambaye baba yake hakukaa kamwe, sasa tukimpeleka Jumapili jioni hukaa kwenye benchi saa nzima akila muhogo na kuwakemea vijana wa makachu wasivunje shingo. Dada zangu huenda usiku bila kaka wa kuwasindikiza. Waliochora mpango huu walifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: waliwaweka wauza chakula ndani ya mchoro, hawakuwahesabu kuwa uchafu wa kuondolewa. Bila meza zile Forodhani ingekuwa nyasi na taa tu.

Lakini kati ya picha ya kwanza na ya pili kuna miezi 18, na hiyo haina picha. Mjomba wangu yuko humo. Ndimo alimobadilika kutoka muuza miwa kuwa muuza vipuri. Mawe yalingoja, miti ilingoja, kibanda cha muziki kilingoja. Vitu hivi vinaweza kungoja. Mtu mwenye watoto skuli hawezi. Kwa hiyo bustani ilipofunguliwa kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa wale waliokuwa wakila mazoea yao hapo kila siku. Baadhi walirudi. Baadhi walikuwa wameshajenga mazoea mengine, na hakuna aliyewafanyia ubaya. Nafasi iliyobaki ilijazwa na mwenye uwezo wa kuijaza, na siku hizi huyo mara nyingi ni mgeni mwenye fedha za kigeni. Bei hufuata mfuko wa mnunuzi. Ndiyo maana wenzangu chuoni wakiwa na njaa na wako Mji Mkongwe, wengi hula kwanza vichochoroni, kisha huja Forodhani kupunga upepo tu. Wanakwenda kutazama, kama bibi alivyokuwa akienda.

Na nikirudi nyuma naiona miezi isiyo na picha kila mahali. Ipo kati ya mizinga ya 1896 na utulivu uliofuata. Ipo kati ya forodha iliyohama na maua ya 1936, pale ambapo babu alibeba mzigo wake wa mwisho mahali hapa akaanza kuubeba Malindi. Kila utawala umeacha picha ya "baada" yake: jumba, tao, bustani. Kazi ya historia, nadhani, ni kukaa katikati.

Hili halinihusu kwa sababu ya tasnifu peke yake. Unguja yote sasa ni vumbi la ujenzi. Soko la Mwanakwerekwe limejengwa upya katika miaka hii ya karibuni, na mjomba, ambaye duka lake liko nje ya soko, aliwatazama wauzaji wakihama na kusubiri. Aliniambia aliwajua kwa nyuso tu, nani atarudi na nani hatarudi. "Mwenye kuhesabu siku atarudi," alisema. "Aliyeacha kuhesabu ameshaondoka."

Beit al-Ajaib nayo inasubiri. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo Forodhani imekuwa ikitazamana na jeraha. Siku jumba litakaporudi itapigwa picha nzuri sana, na itastahili.

Nikiulizwa na mpangaji yeyote, na ni nadra mwanafunzi wa historia kuulizwa, ningesema mambo matatu. Tengenezeni uwanja kipande kwa kipande pale inapowezekana, ili nusu ya meza ziendelee kuwaka. Waandikeni wote walioko kabla ya kuzungusha mabati, hata mwenye mashine moja ya miwa, na muwape nafasi yao kwa maandishi. Na katika bajeti, kando ya saruji na taa, wekeni mstari wa miezi ya kusubiri, kwa sababu kuna mtu atailipia hata usipouandika.

Wiki iliyopita nilimshawishi mjomba twende pamoja. Tulifika magharibi, makachu yamepamba moto. Alisimama mbele ya mashine moja ya miwa, akamtazama kijana anavyokunja muwa na kuurudisha tena katikati ya magurudumu, ndimu na tangawizi zimefungwa ndani. Kijana akamwambia, "Karibu, mzee." Hakumjua.

Mjomba alikunywa nusu bilauri, akatafakari.

"Anaukunja mapema," aliniambia kwa sauti ya chini. "Maji yanabaki."

Kisha akamalizia bilauri, akalipa, akamwambia kijana kazi nzuri, akatafuta benchi na kukaa.